Prosesa ya kuedit video: angalia herufi ya mwisho

Jamani huku Kigoma kila anayeshuti harusi anauliza achukue prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i7 au i9, mi nasema kwanza angalia herufi ya mwisho. Core i5-12400 na i5-12400F zote zina kori 6 (vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa), ila yenye F haina grafiksi ya ndani, kwahiyo unakosa Quick Sync, ile sehemu inayofungua video zilizobanwa kwa mifumo ya H.264 na H.265, na simu nyingi siku hizi zinarekodi hiyo hiyo H.265, ndo maana ukiburuta taimlaini picha inagandaganda wakati kori unazo kibao. Kama una kadi nzuri ya grafiksi basi F poa tu. Hela ikibaki ongeza RAM, GB 32 ukiweza, na UPS (betri ya kushikilia kompyuta), maana umeme ukikatika wakati unarenda (unatoa video ya mwisho) send-off ya watu wa Ujiji inauma sana aisee.