Siku moja maishani mwangu: leo nimefungua shampeni ya Dom Pérignon 2008

Saa nne asubuhi. Mi ni wa Tanga ila riziki yangu iko Épernay, Ufaransa, nahudumia mvinyo kwenye mgahawa mmoja hapa. Naenda job kwa miguu napita Avenue de Champagne, na chini huko ni mahandaki matupu, Moët & Chandon, watengeneza shampeni, peke yao wana kilomita 28, chupa zimelala gizani hazina haraka na mtu.

Saa sita. Simu: meza ya wawili, usiku, wanataka Dom Pérignon 2008. Nikacheka peke yangu. Hiyo 2008 ni mwaka wa mavuno ya zabibu, na mwaka ule ulikuwa wa baridi na mawingu, Septemba ndo hali ya hewa ikawaonea huruma, kwa hiyo ule ukali kama wa ndimu ulikuwa mwingi, ikabidi watengenezaji waiache ikomae na ya 2009 ikatangulia sokoni, yaani mdogo kaolewa kabla ya dada.

Saa kumi na mbili jioni. Balaa. Mwenzangu kaitia chupa kwenye barafu tangu saa tisa! Shampeni ya hivi ikipoa sana inakuwa bubu, mi naitaka nyuzi 10 mpaka 12. Nikaitoa mbio nikaiacha kaunta.

Saa mbili usiku. Waya unaoshika kizibo unaulegeza nusu mzunguko mara 6, dole gumba halibanduki juu ya kizibo, halafu unazungusha chupa sio kizibo, maana mle kuna presha ya bar 6 hivi, karibu mara 3 ya tairi la gari. Ikatoa psss tu. Mteja: mbona haijalia? Nikamwambia monsieur, ikilia ni gesi yako inakimbia.

Nikaonja kwanza, isije ikawa na ile harufu ya kadibodi iliyolowa. Safi, ila ndimu na chaki basi. Nikawamiminia kwenye glasi pana za mvinyo mweupe (zile nyembamba ndefu ni za picha), nikawasihi wasikimbize. Dakika 20 nyingi, mke wake ananiita, hii ni chupa ileile kweli? Sasa inanukia mkate unaotoka tanuri, korosho za kukaanga, kamoshi kwa mbali.

Saa sita kasoro. Wameniachia kama vidole viwili. Nimekaa jikoni juu ya kreti, viputo vimechoka, imeshapata joto, na ndo ilikuwa tamu kuliko zote, mwisho inaacha kachumvi mdomoni kama umetoka kuogelea baharini Raskazone, kwetu Tanga. Chupa nimeiviringisha gazeti, nikienda likizo nampelekea bi mkubwa, atatilia mafuta ya nazi.