Siku moja maishani mwangu: wakili wa wafanyabiashara wadogo, Mwanjelwa, Mbeya

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nipo jikoni nachemsha maji. Ni Julai, na baridi ya Uyole mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Uji wa watoto, sare, mkoba, koti zito juu ya suti nyeusi, na saa moja kasoro nipo kituoni. Barabara kuu inapanuliwa iwe ya njia nne, malori ya Tunduma yamefuatana kama treni, na konda amechoka hata kuita abiria. Nafika Mwanjelwa saa mbili kasoro robo, viatu vimejaa vumbi.

Watu wakisikia neno wakili wanaona joho, kizimba na mtu anayebishana mbele ya jaji. Mimi mahakamani naenda, lakini siku zangu nyingi zinaishia kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme. Wanaopanda ngazi zile ni wenye fremu, mafundi cherehani, mama wanaosindika karanga, vijana wa mashine za kusaga, wachuuzi wa viazi. Wengi wao wameshaambiwa mtaani kwamba wakili ni mtu wa kugonga muhuri, tena kwa elfu kumi. Maneno hayo yananiuma.

Saa mbili na nusu anaingia mama wa siagi ya karanga. Amebeba chupa tatu na bunda la lebo, lebo 2,000, zimechapwa kwa rangi nzuri ya dhahabu. Anataka nimsajilie jina la biashara yake kule BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Natafuta kwenye mfumo, jina lipo, limeshachukuliwa na mtu mwingine. Anaziangalia lebo zake bila kusema kitu. Tunakaa naye nusu saa tunatafuta jina lingine ambalo angalau herufi za mwanzo zitafanana na yale yaliyokwisha kuchapwa. Namweleza pia jambo ambalo wengi hawalijui: kusajili jina la biashara hakukufanyi uwe kampuni. Biashara ikidaiwa, unadaiwa wewe, na shamba lako, na cherehani yako. Na nembo ile ya dhahabu inahitaji kusajiliwa peke yake kama alama ya biashara, ambayo ulinzi wake wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10. Anaandika yote kwenye daftari la shule la mwanawe.

Kisha fundi cherehani anayedai shule fulani milioni 3 na laki 4 za sare za wanafunzi. Anasema hana mkataba. Namuuliza mlikuwa mnawasiliana vipi, ananipa simu. Kumbe mkataba anao: oda ipo kwenye ujumbe, idadi ipo, bei ipo, na mhasibu ameandika "tumepokea zote, asante fundi". Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa namna hiyo unapokelewa mahakamani kama ushahidi. Na madai ya mkataba yana muda wa miaka 6, kwa hiyo hajachelewa. Namwandikia notisi ya madai, siku 14. Kwa uzoefu wangu barua kama hizo nyingi zinalipwa kabla siku hazijaisha, na hakuna anayeuona mlango wa mahakama.

Saa nne na dakika kumi ndipo siku yangu ilipokwama.

Alipanda mzee mmoja wa viazi, ninamfahamu kwa sura kutoka soko la Uyole. Hakukaa. Aliweka karatasi nne mezani na noti ya elfu kumi juu yake. "Mwanangu, nigongee hapa haraka, gari linapakia Isyonje."

Nikamwambia shikamoo kwanza baba, karibu kiti. Akaitikia, akakaa pembeni ya kiti kama mtu wa kuondoka.

Nikamuuliza hizi ni karatasi za nini. Akasema ni za mkopo. Anahitaji milioni 6, magunia 80 kwa elfu 75, wakulima wanataka fedha mkononi, mnunuzi yupo Dar. Atarudisha milioni 7 na laki 8 baada ya mwezi. Nikamuuliza kama amezisoma. Akasema miwani ameiacha nyumbani, ila yule bwana amemweleza kila kitu.

Nikazisoma mimi. Neno mkopo halimo hata mara moja. Juu imeandikwa MKATABA WA MAUZIANO YA NYUMBA. Mzee ni muuzaji. Amemuuzia yule bwana nyumba yake ya vyumba vinne iliyopo Uyole kwa bei ya shilingi milioni 6, fedha amepokea zote taslimu, na atakabidhi nyumba ikiwa tupu ndani ya siku 30. Riba haipo, na hakuna mahali panaposema kwamba akilipa anarudishiwa nyumba yake. Ukurasa wa mwisho, penye ridhaa ya mke, palishasainiwa kwa wino uleule wa bluu uliojaza jina la mnunuzi.

Nikamsomea kwa sauti, polepole, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye "ikiwa tupu" akanikatiza. "Hiyo ni lugha tu ya kwenye karatasi, wakili. Sisi tumeelewana."

Hilo neno, tumeelewana, nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba tumbo linanikaza. Nikamweleza kwamba siku wakikosana, hakimu hatakuwa na yale maelewano, atakuwa na karatasi hii. Maneno ya mdomo kuyapindua maandishi uliyoyasaini mwenyewe ni mlima. Nikamweleza kwamba nyumba anayoishi na mkewe, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke. Nikamwomba tumpigie mama simu, dakika mbili tu. Akakataa. Akasema mambo ya biashara hamsumbui nayo mama.

Ndipo yule bwana akapanda mwenyewe, maana alikuwa anasubiri chini kwenye gari. Kijana mtanashati, jaketi la ngozi, funguo zinazungushwa kidoleni. "Wakili, kuna shida gani? Hiki kitu ni cha kawaida, wenzako wanagonga kila siku." Nikamwomba anioneshe leseni yake ya kukopesha, kwa sababu tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe nayo. Akasema yeye hakopeshi, ananunua nyumba. Nikamgeukia mzee: "Baba, umesikia? Anasema ananunua nyumba."

Mzee alikaa kimya. Nilidhani ameelewa. Kumbe hasira ilikuwa inapanda, tena juu yangu. Akasimama, akasema mawakili tuna maneno mengi, hatujui gunia la viazi likilala njiani siku mbili linakuwa nini, hatujui wakulima wakikosa imani nawe msimu mmoja unamalizika. Akasema mimi nimekula shibe ndiyo maana ninachezea riziki za watu. Sikumjibu. Nimezaliwa na kukulia kwenye hizo riziki. Mama yangu aliuza viazi kwa debe kwenye soko hilohilo la Uyole.

Nilimwambia tu kwamba zipo njia nyingine. Yule mnunuzi wa Dar anaweza kutanguliza nusu kwa mkataba wa mauzo ya viazi, naandika leo hii ndani ya saa moja. Au kama ni mkopo, tuandike mkopo, wenye kiasi, riba na tarehe, na dhamana iwe mzigo wenyewe au pikipiki. Na kama ni nyumba, aje na mama. Muhuri wangu unasema mtu huyu nimemwona, nimemtambua, amesaini mbele yangu akijua anachosaini. Kwenye karatasi ile ungesema uongo mara mbili.

Alichukua elfu kumi yake akashuka. Karatasi aliziacha mezani. Kijana akarudi kuzichukua, akanitazama vibaya, akaondoka.

Ilikuwa imefika saa sita na robo. Nilikuwa natetemeka mikono.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Ndizi na maharage ya mama lishe wa chini vilishapoa. Mchana ule nilipitia mkataba wa fremu wa dada mmoja wa vipodozi, mwenye nyumba amejipa haki ya kupandisha kodi wakati wowote bila taarifa, tukakifuta kile kifungu na kuweka notisi ya miezi mitatu. Wakaja vijana wawili wa Mbalizi, mmoja ana mashine ya kusaga, mwenzake ana banda na umeme, wanataka kugawana nusu kwa nusu. Niliwauliza swali ninalowauliza wabia wote: mmoja wenu akifa kesho, mashine inakwenda kwa nani? Walitazamana, wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Tulikaa juu ya swali hilo mpaka karani wangu akawasha taa. Kila mara nilipogeukia dirishani nilikuwa namwona mzee yuleyule akishuka ngazi. Kwa mwendo wa bajaji kutoka kwangu wapo watu wa kugonga mihuri bila kusoma, na hilo analijua kila mtu Mwanjelwa.

Giza lilishaingia, nipo kwenye daladala ya kurudi, nimebanwa na ndoo ya mtu, simu ikaita. Namba ngeni. Nyuma ya sauti palikuwa na ngurumo ya lori na watu wanaitana.

"Wakili. Ni mimi wa viazi."

Nikamwambia pole na kazi, baba.

Akasema gari limeondoka na magunia 25 tu, ya fedha yake mwenyewe. Yaliyobaki mwingine ameyachukua. Alisema hivyo kwa uchungu, na mimi uchungu ule niliusikia wote. Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekata.

"Kesho unafungua saa ngapi? Nataka nije na mama yako mkubwa."

Saa mbili, nikamwambia. Aje na kitambulisho chake, na wewe baba njoo na miwani.