Daftari la mazoezi lilivyonipa swali la utafiti: uzoefu wangu, Kisesa Mwanza

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mcheza ngoma na mwalimu wa kikundi cha ngoma huku Kisesa, njia ya kwenda Magu, kazi hii nimeifanya miaka 17 sasa. Mwaka jana nikaanza shahada kwa njia ya mtandao, ile ya watu ambao tayari wako kazini, huendi darasani, kazi yako yenyewe ndo darasa, na kabla hujamaliza lazima upange utafiti mdogo unaotoka kwenye kile unachokifanya kila siku. Naandika kwa ajili ya wasanii wenzangu mliokwama kwenye hiyo kupanga, maana mi nilikwama miezi minne mizima.

Nilikwama kwenye swali. La kwanza nililopeleka lilikuwa "Mchango wa ngoma za asili katika kudumisha utamaduni wa Wasukuma". Nililipenda, niliona lina uzito. Msimamizi wangu akanirudishia na maneno manne tu, "Wewe hapo uko wapi?" Nikakaa nalo siku tatu linaniuma, halafu nikaona ana haki, lile swali angeweza kuliandika mtu yeyote hata ambaye hajawahi kushika jembe la bugobogobo. Kwa wasioijua, bugobogobo ni ngoma ya majembe, imetoka kwenye kilimo cha pamoja, watu wanalima kwa mstari ngoma ikiwapa mwendo, na leo tunaipeleka jukwaani na majembe yetu tunayarusha na kuyazungusha.

Akaniambia niache kwanza vitabu, nianze daftari. Nikanunua kaunta buku. Wiki sita za mwanzo niliandika hivi: "Jumamosi. Harusi Igoma. Tumeitwa saa 1 tumeingia saa 3. Tumecheza vizuri. Mpiga ngoma kachelewa." Hii ni ripoti, wala sio tafakari, na nadhani wengi wetu tunaishia hapa kwasababu tumezoea kuandika ili tuonekane tumefanya. Kwenye masomo tulifundishwa mzunguko wa David Kolb, mtaalamu wa elimu wa Marekani, wa mwaka 1984, kwamba unapitia jambo, unalitafakari, unalitolea wazo, halafu unalijaribu tena, na mimi kila siku nilikuwa nabaki kwenye kupitia jambo tu.

Kilichonisaidia ni kitu kidogo sana. Ukurasa wa kushoto naandika usiku uleule kilichotokea, au nikiwa nimechoka mikono najirekodi kwenye simu ndani ya daladala halafu naandika nikifika. Ukurasa wa kulia nauacha wazi. Baada ya siku mbili narudi nasoma cha kushoto kama vile kimeandikwa na mtu mwingine, namuuliza maswali, hapa ulihisi nini, nani alikuambia ubadilishe, ungebaki vilevile ingekuaje. Siku mbili ni muhimu jamani, ukirudi kesho yake bado una hasira na emsii aliyekukatia muda, na ukikaa wiki umeshasahau.

Sasa kuna siku tulicheza hotelini kwa wageni wa mkutano, tumepewa dakika 10, wageni wako kwenye chakula. Dakika ya nne hivi nikamkonyeza mpiga ngoma abadilishe mdundo, akabadilisha, na ukumbi ukaamka. Kushoto niliandika tu "nimempa ishara, wakachangamka". Siku mbili baadaye najiuliza kilichonifanya nimkonyeze ni nini, maana taa zilikuwa zinanipiga machoni sikuwa namuona mtu hata mmoja. Nilikaa pale mezani muda mrefu mpaka ikanijia, vijiko. Nilisikia vijiko. Watu wanapokuangalia vijiko vinanyamaza, wakikuacha vinarudi, na mwili wangu ulikuwa unajua hilo miaka yote bila mimi kulisema hata siku moja.

Nikachukua kalamu nyekundu nikarudia daftari lote. Sehemu tisa kulikuwa na ishara kwa mpiga ngoma, na hakuna hata moja niliyokuwa nimeandika sababu. Hapo ndo nikamuelewa Donald Schön, mwanazuoni wa Marekani aliyeandika kuhusu tafakari kazini, ambaye nilikuwa nimemsoma nikamuona mgumu. Yeye mwaka 1983 alieleza kwamba mtu wa fani anatafakari akiwa ndani ya tendo lenyewe, sio baada tu, na akatoa mfano wa wapiga jazi wanaosikilizana na kubadilisha palepale wakipiga. Nikasema huyu anatuongelea sisi.

Halafu nikakumbuka Bulabo, sherehe yetu Wasukuma ya mashindano ya ngoma. Mliowahi kufika Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma hapa Kisesa, mwezi wa sita mnajua, vyama viwili vya ngoma vinashindana, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wote wanapiga kwa wakati mmoja, na ushindi ni watu, uliyevuta umati mkubwa ndo umeshinda. Kule hadhira inatembea, ikikuchoka unaona migongo inaelekea kwa wenzako, huhitaji kuambiwa. Ngoma zetu zimekulia kwenye hadhira yenye miguu! Kwenye harusi na hotelini mtu kakaa mezani kwake, hawezi kuondoka, anakuacha akiwa palepale kwenye kiti. Basi swali likatoka lenyewe: sisi wacheza bugobogobo tunatambuaje kwamba hadhira iliyokaa imetuacha, na tunaamuaje cha kubadilisha? Nilipompelekea msimamizi hakuuliza tena niko wapi.

Njia ya kukusanya majibu nayo ilinisumbua. Nilidhani nitahoji watu yaishe. Nikamwendea mzee mmoja, manju wa siku nyingi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, nikamsalimia mwangaluka vizuri, nikatoa karatasi yangu ya maswali 12. "Mzee, unajuaje wakati wa kubadilisha wimbo?" Akanijibu, "Naona tu mwanangu." La pili, hivyohivyo. Dakika 40 nimetoka na naona tu. Nilikuwa nakaribia kuaga nikamuonyesha video ya mazoezi kwenye simu kama zawadi tu, akaishika, akasogeza karibu na macho, mara akasema, "Simamisha hapo. Huyu binti wa pili kashusha bega, ameshasikia watu wamepoa, wenzake bado." Akaendelea kuongea saa nzima! Swali lilikuwa linamdai maneno na yeye elimu yake iko machoni. Baadaye nikagundua watafiti wa mambo ya ualimu wanaitumia sana njia hii, unamrekodi mwalimu akifundisha halafu mnaangalia pamoja akueleze alichokuwa anawaza. Nikafuta hojaji yote, nikaandika tutarekodi shoo nne na kila mmoja ataangalia na mimi video ndani ya siku mbili, akisimamisha yeye mwenyewe pale anapotaka.

Sehemu ya maadili ndo naomba msiipite haraka. Mimi ni kiongozi wa kikundi, mimi ndo nagawa posho. Nikimwambia kijana wangu "naomba ushiriki kwenye utafiti wangu" atasema ndio dada, na hiyo ndio sio ridhaa, anaogopa asiachwe kwenye shoo ya Jumamosi. Hili lilininyima usingizi kuliko hata swali. Nilichofanya, fomu nimeiandika kwa Kiswahili cha kawaida, mzee atasomewa kwa Kisukuma, na anayewasomea fomu na kukusanya majibu ya nani amekubali ni mwalimu mwenzangu wa shule ambaye hahusiani na kikundi. Kwenye fomu kuna mstari unasema wazi kwamba atakayekataa posho yake na nafasi yake viko palepale. Majina hayatatajwa. Mabinti wawili wa miaka 16 nimewaacha nje ya utafiti japo wanacheza vizuri sana. Na kamera itatuangalia sisi, sio wageni, hilo nimeshaongea na wenye kumbi mapema. Barua ya kuomba ruhusa ya utafiti nayo ianze chuoni, halafu ngazi ya halmashauri ndo ushuke kwa mtendaji wa kata, mi nilianzia kwa mtendaji nikarudishwa nikapoteza wiki mbili.

Andiko la utafiti limepita chuoni mara ya pili, na marekebisho kidogo, walitaka nieleze daftari langu mwenyewe litahesabika kama data au la. Nimesema ndio, kurasa za kulia tu, za kushoto zitabaki kumbukumbu.

Wiki iliyopita tumekaa na kikundi chini ya mwembe, mwalimu mwenzangu akawasomea fomu mstari kwa mstari, mimi nikatoka nikaenda kununua maji. Nimerudi nakuta sita wamesaini, wawili wamesema hawataki kurekodiwa. Mwalimu hakuniambia kwanini na sijauliza. Kwenye hizo shoo nne watacheza kwenye ngoma zile nyingine ambazo kamera imezimwa, na Jumamosi hii tuna harusi Igoma, wote wawili wapo mstari wa mbele.