Wino wa mwaloni na ngozi ya ndama: wiki ya tisa

Wino wangu ni mchanganyiko wa chuma, gundi na vinundu, yaani vivimbe ambavyo mwaloni huota nyigu akiutagia mayai. Wiki hii nimegundua kwamba vinundu vyangu ni vya juzi tu. Wino vinatoa, tena mweusi tititi. Lakini mradi wenyewe ni kuiga wino wa waandishi wa Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, wa zama za kati, na vile vinundu vya mviringo, vigumu kama gololi, ninavyookota chini ya mialoni hapa Cork, Ireland, ni kazi ya nyigu mdogo aliyeletwa Uingereza kutoka Mashariki ya Kati kwenye miaka ya 1830. Máel Muire, mmoja wa walioandika Lebor na hUidre, kitabu cha kale cha Kigaeli, aliuawa kwenye monasteri ya Clonmacnoise mwaka 1106. Kinundu kama changu hakukiona maishani. Na mimi nimeshajaza ndoo!

Chuma nacho kina walakini. Natumia salfeti ya chuma wanayonunua watunza bustani kuulia kuvumwani, na ni safi mno. Ile ya zamani ilikuja na shaba, zinki na manganisi ndani yake, pengine kwa wingi, pengine kidogo. Ndiyo maana wataalamu wakiupiga ukurasa eksirei wanaweza kutenganisha wino mmoja na mwingine bila kukwangua hata chembe. Wakiupiga wangu, nimekamatwa. Gundi peke yake ndiyo ya haki: utomvu wa mgunga, kutoka Sudan.

Ngozi ndiyo iliyonitoa jasho. Ya ndama, kutoka machinjioni, ikakaa siku kumi kwenye chokaa hadi manyoya yakawa yanatoka kwa kusukuma na kiganja. Ngozi ivute ingali maji, basi nikaiwamba kwenye fremu, kila kamba imefungiwa kokoto lililoviringishwa ndani ya ukingo ili isichomoke, nikaanza kupara kwa kisu cha umbo la mwezi mchanga. Mkono ukateleza mara moja. Mkato wenyewe haukuzidi punje ya mchele, nikaupuuza. Asubuhi, ngozi ilipokauka na kujivuta, ulikuwa tundu la duara, kidole gumba kinapita.

Matundu kama hayo yamo kwenye vitabu vya Ireland: mwandishi anafika ukingoni, anaruka, anaendelea upande wa pili. Zamani nilidhani ni ubahili. Sasa nami nitaruka. Angalau kwenye ngozi hakuna wa kunikamata. Maabara husugua ukurasa kwa kifutio cha kawaida, kisha hupima protini iliyonasa kwenye makombo, ikajulikana kama ni ndama, mbuzi au kondoo; na yangu ni ya ndama, kama zao.

Nimeandika mistari sita kwa unyoya wa bata bukini. Wino unatoka wa kijivu, kama chai iliyozidi maji, ukadhani umekosea vipimo. Kumbe unangoja hewa: ukifika mstari wa nne, wa kwanza umeshaiva.

Kwa wino naanza upya. Mtawa Theophilus wa karne ya 12 hakuwa Mgaeli, lakini ameeleza wino usiohitaji vinundu: matawi ya miiba yakatwe kabla ya kutoa majani, yakauke kivulini, yagongwe gome litoke, gome lilowe siku 8, lichemshwe, kisha itiwe divai. Weusi usipotosha, tumbukiza chuma cha moto. Mti wa miiba, draighean kwa Kigaeli, umejaa kwenye ua wa shamba la jirani. Ameniruhusu, kwa sharti nianzie upande wa barabarani, unaomsumbua kila mwaka. Glavu nimeshanunua.