Mwanangu alipata ufa ugokoni, nikakataa achuliwe

Nimechoka kusikia mama mwenye mtoto mdogo akiambiwa, "Huyo kategua tu, mpeleke akachuliwe." Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo hapa Uyole, Mbeya, na nashukuru nilikataa.

Mwanangu alikuwa ndio kwanza mwendo umemkolea. Ni masika, uwanja mzima tope. Kavaa gambuti za kaka yake, moja ikanasa, mwili ukageuka, akakaa chini. Hakuanguka kutoka juu wala hakugongwa. Akalia, akabembelezwa, akanyamaza, ila mguu wa kushoto akawa hataki kabisa kuukanyagia.

Haukuvimba wala kuchubuka, basi kila mtu akaja na lake. Mmoja mafuta ya kondoo, mwingine anasema mtoto anadeka. Mama mkwe kashabandika maji ya kukanda. Nikamwambia, "Mama, naomba tusimguse kwanza."

Nikaweka kipande cha parachichi upande wa pili wa mkeka. Kusimama hataki, lakini alitambaa kwa magoti mbio mbio mpaka akakifikia! Nikahisi tatizo liko chini ya goti. Usiku, usingizi ulipomchukua, nikambonyeza taratibu kwa kidole gumba kuanzia pajani. Paja, kimya. Goti, kimya. Nilipofika kwenye ugoko, chini kidogo ya katikati, akauvuta mguu na kulia. Mguu wa pili nikabonyeza palepale, hata hakushtuka.

Asubuhi hospitali. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, na aliyetupokea akataka turudi nyumbani na dawa ya maumivu. Sikuondoka. Nikaeleza habari ya parachichi na kidole mpaka akaitwa daktari wa mifupa. Naye akabonyeza palepale, akaagiza afungwe P.O.P, ile plasta ngumu ya mifupa.

Picha ya marudio ndiyo iliyoonyesha: ufa mwembamba umeuzunguka ugoko kwa mshazari, na mfupa mpya umeanza kujijenga pembeni. Kumbe ufa huu ni wa kawaida kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 3. Mguu ukinasa mwili ukazunguka, inatosha. Mara nyingi picha ya kwanza haiuoni, mpaka zipite kama siku 7 hadi 10. Hata kuteleza kwenye bembea la kuserereka akiwa amepakatwa na mtu mzima, mguu wake ukinasa pembeni, unaweza kuvunjika.

Waliniuliza kama kuna aliyempiga, na sikukasirika. Hasa mtoto ambaye hajaanza kutembea akivunjika mfupa, lazima waulize. Waliuliza pia kama ana homa, kwa sababu homa pamoja na kukataa kukanyaga inaweza kuwa usaha kwenye mfupa au kiungo, na hiyo haingoji kesho.

Gharama zote, na bajaji humo humo, hazikufika bei ya gunia la viazi. P.O.P ilipofunguliwa alichechemea kwa muda, kama daktari alivyotuambia, kisha kukaisha kwenyewe akicheza na wenzake.