Nilivyofufua mtambo wa majitaka wa ploti yetu

Mtambo wa majitaka wa ploti ninayosimamia hapa Nakuru ulikuwa ukinuka mayai viza hadi wapangaji wa chini hawafungui madirisha. Fundi mmoja akashauri tumwage dawa kali. Nikakataa, maana wanaosafisha maji mle ndani ni bakteria, na dawa ingewaua.

Kwenye tangi la kwanza hupulizwa hewa, bakteria wakila uchafu, wakizaana na kushikamana kuwa tope. Tangi la pili limetulia: tope huzama, maji hutokea juu, na tope jingi hurudishwa kwenye hewa liendelee na kazi.

Kumbe blowa, mashine inayopuliza hewa hiyo, ilikuwa ikizimwa usiku kucha ili kuokoa stima! Oksijeni ikiisha, bakteria wasiohitaji hewa hushika zamu na kutoa hidrojeni salfaidi, na ndiyo iliyokuwa ikitunukia. Isitoshe, Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari; hewa ni nyepesi, hivyo blowa ina kazi kubwa zaidi. Nilimshawishi mwenye nyumba anunue taima ili blowa iwake kwa vipindi, mchana na usiku. Kisha tukaleta tope hai kwa lori kutoka mtambo unaofanya kazi vizuri, liwe mbegu.

Kipimo changu ni chombo angavu cha lita moja. Nachota kwenye tangi la hewa, naacha dakika 30 bila kutikisa. Mwanzoni yalikuwa maji ya kijivu, ukungu mtupu, hakizami kitu. Baadaye yakageuka kahawia, chembe zikaanza kushikana, tope likatulia kwenye robo ya chini, na maji ya juu yakawa maangavu. Harufu ikawa ya udongo uliolowa.

Mafuta ya chipsi ndiyo yaliyonitoa jasho. Yakifika kwenye tangi, povu zito hutanda juu. Tulijenga kishimo cha kuyanasa kabla hayajaingia, na kukisafisha ni kazi ambayo hakuna anayeigombania.

Majibu ya maabara yalipotoka, BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria wanahitaji ili kula uchafu uliobaki majini, ilikuwa chini ya miligramu 30 kwa lita, kikomo cha kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006. Klorini tunatia mwisho kabisa, maji yakishaachana na tope, kwa sababu maji maangavu bado huwa na vijidudu vya magonjwa. Mama jirani anayataka kwa sukuma wiki yake. Nimemwomba asubiri kipimo cha vijidudu.