Baraka, mji uliotekwa kutoka majini

Nimerudi Baraka, mji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo. Tuliondoka nikiwa mdogo, mwaka 1996, vita vilipoingia Uvira na kushuka huku Fizi. Tukavuka Tanganyika hadi Kigoma, kisha Nyarugusu, kambi ya wakimbizi nchini Tanzania, ndiko nilikokulia. Nyumba yetu haipo tena, ila kiwanja kipo na ndugu wamenipokea vizuri mno. Hayo nitayaandika siku nyingine.

Mjomba alinipeleka ufuoni asubuhi, kina mama wakianika dagaa mchangani. Akaninyoshea mkono: "Mpwa wangu, hapa ndipo waliposhukia mamluki."

Alikuwa anasema Septemba 1965. Waasi wa Simba, waliopigana na serikali ya Kongo, waliiteka Albertville, Kalemie ya leo, Juni 1964, wakapokonywa Agosti. Tangu hapo wakawa wanaishi kwa ziwa. Silaha na wapiganaji, hata Che Guevara, mwanamapinduzi aliyekuja kuwasaidia, na Wacuba wake, walivuka usiku kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wetu wa ziwa. Bila kuziba njia hiyo, kuwaandama milimani kusingefika popote. Ndipo CIA, shirika la ujasusi la Marekani lililoisaidia serikali, ikaleta boti za doria zenye bunduki za rashasha, makao yake Albertville, na waliopewa kuziendesha ni Wacuba waliomkimbia Castro, mtawala wa Cuba. Wacuba wakiwindana na Wacuba kwenye maji yetu! Mpaka leo jambo hilo linaniuma, jinsi watu wa mbali walivyokuja kumalizia ugomvi wao hapa.

Tarehe 27 Septemba mamluki wa Mike Hoare, kamanda wao aliyekodiwa na serikali, pamoja na askari wa serikali, walishuka Baraka kwa maboti. Waasi hawakukimbia, mji uligombaniwa kwa siku kadhaa. Oktoba Fizi nayo ikaanguka, na Novemba Che akavuka kurudi Kigoma.

Mjomba alikuwa mtoto. Anakumbuka bibi alivyomfunga mdogo wake mgongoni, akabeba chungu kimoja na jembe, wakapanda mlimani usiku. Jembe lile ndilo lililowaokoa, anasema, kwa sababu walikaa huko hadi mihogo waliyoipanda ikakomaa.

Kila nilichosoma juu ya vita ile kinamtaja Hoare na kinamtaja Che. Bibi yangu hayumo. Hapa ufuoni sikuona hata kibao.

Nimeanza kumrekodi mjomba kwa simu, kila jioni, kwa Kibembe na Kiswahili. Wenye wazee Mboko, Kazimia au Ubwari wanaoikumbuka 1965, niandikieni. Nitapanda boti niwafuate.